Siku Tatu Zilizoliwa Barazani

Zama za ruksa zilitufikia Newala ndani ya marobota. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yalianza kuonyesha redio na vitambaa, na katika soko la Masasi mitumba ilimwagwa juu ya maturubai. Humo, kati ya vitabu vilivyochakaa, nilipata sanduku la kadibodi lenye kitabu cha kanuni na dadu sita, mojawapo ikiwa na nyuso ishirini. Nilikuwa mwalimu wa historia. Nilikisoma kitabu kile mara mbili kabla ya kumwonyesha mtu.

Ulikuwa mchezo wa masimulizi. Mmoja husimulia safari. Wengine husema na kutenda kwa niaba ya wasafiri waliowabuni wenyewe, na penye shaka dadu huamua. Msimulizi nilikuwa mimi. Wachezaji walikuwa wawili: nesi wa zahanati, aliyeletwa na kazi kutoka mkoa wa mbali, na bwana shamba, mzaliwa wa Chilangala, mkaguzi wa mikorosho ya tarafa nzima. Tulikutana barazani kwangu Jumapili alasiri. Milima ya theluji ya kitabuni tuliiacha. Nchi yetu ilikuwa uwanda mkavu wenye kisima kilichofungwa kwa kufuli.

Kitabu kilimtaka msimulizi atunze siku, na hasa mwezi. Kwa hiyo nilipanga korosho thelathini za kukaanga duara katika sinia, kuanzia mwezi mwandamo. Ya kumi na tano, kubwa kuliko zote, ilikuwa mwezi mpevu. Kila siku ya safari ilipopita, niliondoa korosho moja na kuila. Mchezo ulipokwisha nililifunika sinia kwa kawa hadi Jumapili iliyofuata. Sikuandika hesabu popote, kwa kuwa niliamini sinia linatosha.

Msafiri wa nesi alibeba ufunguo wa kisima, akiupeleka katika kijiji kilichoapa kuhama mwezi ukitoweka kabla kisima hakijafunguliwa. Miezi mitatu ya Jumapili zetu alikuwa njiani. Kisha barua ya uhamisho ikaja: lori lingemchukua nesi Jumatatu. Ilibaki alasiri moja, na kwa msafiri wake mwendo wa siku mbili.

Alasiri hiyo niliingia ndani kuchukua chai, naye nesi akanifuata kunisaidia vikombe. Tuliporudi sinia lilikuwa tupu.

“Bwana Shamba, mwezi uko wapi?”

“Mwezi gani, Mwalimu? Mimi nimekula korosho. Tena zilikuwa zimelegea.”

“Umekula siku zangu!” nesi alisema. “Mlafi wewe! Miezi mitatu nabeba ufunguo, leo unaimeza njia?”

“Dada, Mwalimu anakula siku kila Jumapili, hujamwita mlafi. Na mtu wa Chilangala ukimwekea korosho za kukaanga mbele yake, umemkaribisha. Kama ni kalenda, angeweka mawe.”

Alisema kweli; kosa lilikuwa langu. Hata hivyo kanuni niliyoiweka mwenyewe ilisema kuwa sinia tupu ni mwezi uliotoweka, na idadi ya zilizokuwa zimebaki hakuna aliyeikumbuka. Nesi hakunisihi. Alianza kurudisha dadu sandukuni, moja moja, na hilo lilinichoma kuliko kusihiwa.

Ndipo nikaona vijiganda vyekundu kando ya mkono wa bwana shamba. Kwa mazoea ya kazi yake hakuila korosho yoyote bila kuimenya kwa kucha ngozi ile nyembamba ya ndani. Nilivikusanya juu ya karatasi, nikaviunganisha kipande kwa kipande, kama mtu aungavyo vigae vya chungu cha kale. Zilipatikana korosho tatu kamili.

“Siku tatu,” nilisema. “Dada, toa dadu.”

“Nilijua tumbo langu lina ushahidi,” alisema bwana shamba.

Nesi alirusha mara mbili, akafika na siku moja mkononi. Kisima kilifunguliwa, kijiji hakikuhama. Jumatatu alipanda lori kwenda Masasi. Tangu hapo mwezi niliuhesabu kwa korosho mbichi zenye maganda yake magumu, na hakuna aliyezila.