Mama wa Subukia anayelinda seli za mwanawe kwa gesi ya ng'ombe

Saa moja asubuhi, mkono wa kushoto wa Wariara Kihara umezama ndani ya ng'ombe hadi kwenye kiwiko. Amefumba macho. Kwa ncha za vidole anatafuta njia ya kizazi cha mnyama asiyetaka kutulia, na mkono wa kulia umeshika chuma chembamba kilichobeba mbegu za fahali.

"Simama, mama, simama," anambembeleza ng'ombe.

"Yeye alisimama siku ile," anasema mwenye boma, Milcah Chepkemei, aliyeshika kamba. "Ni wewe hukuonekana. Leo umekuja na gesi, ama umekuja kunisalimia tu?"

"Leo niko nayo, Mama Bethwel."

"Tutaona."

Wiki tatu zilizopita ng'ombe huyu alilia kutwa nzima akitaka kupandwa. Milcah alipiga simu hadi betri ikaisha. Wariara hakufika. Ng'ombe akikosa siku yake, mfugaji husubiri wiki tatu nyingine, na hizo ni wiki tatu za maziwa ambazo hazitarudi.

Siku hiyo, gesi ya kutunza mbegu za ng'ombe wa Milcah ilikuwa imemiminwa kwenye tangi moja mjini Nakuru, mahali ambapo hakuna ng'ombe hata mmoja.

Wariara, mwenye umri wa miaka 37, amepandikiza mbegu kwa ng'ombe wa bonde la Subukia kwa miaka kumi na mmoja. Mbegu hizo huishi ndani ya naitrojeni iliyopozwa hadi ikawa maji. Wafugaji huiita gesi. Ikiisha, mbegu huyeyuka na kufa, na hakuna dawa ya kuzifufua.

Kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya uji, huingiza kijiti ndani ya mtungi wake, hungoja kidogo, kisha hukitoa na kukipunga hewani. Sehemu iliyogusa gesi hugeuka nyeupe kwa barafu.

"Ukiona nyeupe ya vidole vitatu, unaenda kazini," anaeleza. "Vidole viwili, unaenda kutafuta gesi. Ukiona kijiti kikavu, unaenda kuomba msamaha."

Miaka mitatu iliyopita, bintiye Waithera, wakati huo akiwa na miaka sita, alianza kutokwa damu kwenye ufizi kila alipokula mahindi ya kuchoma. Mama alidhani ni meno yanang'oka. Kisha miguu ikajaa madoa, na siku moja mwalimu akampigia simu kwamba mtoto ameanguka akiwa kwenye mstari wa asubuhi.

Hospitalini waliambiwa kwamba uboho, ule utomvu ulio ndani ya mifupa, ulikuwa umeacha kutengeneza damu. Tangu hapo Waithera huishi kwa damu ya watu wengine, mara mbili kwa mwezi. Familia iliuza ng'ombe wake wote wawili. Mpandikizaji mbegu sasa hununua maziwa dukani.

Wakati huo Wariara alikuwa na mimba. Daktari alimweleza kuhusu kituo kidogo cha umma mjini Nakuru kilichokuwa kikikusanya damu ya kitovu cha watoto wachanga. Damu hiyo ina seli shina, seli changa ambazo zikiingia kwenye mwili wa mgonjwa zinaweza kuhamia ndani ya mifupa na kuanza kazi ya kutengeneza damu upya.

Mama mkwe wake hakufurahia. Kwao, kondo la mtoto huzikwa shambani, na kila mtu katika ukoo anajua mahali lake lilipozikwa.

"Tuligawana," Wariara anasema. "Kondo likaenda chini ya mgomba, damu ikaenda kwa tangi. Cucu, nyanya yao, akaniambia, sawa, lakini usinipoteze hiyo nusu yako."

Mtoto huyo, Muturi, alipozaliwa, vipimo vilionyesha kwamba seli zake zinalingana na za dada yake. Watafiti walipanga upandikizaji wa kwanza ufanyike hapa nyumbani mwaka uliofuata, wakisaidiwa na madaktari wageni. Kupelekwa ng'ambo kungegharimu familia shilingi milioni nne na nusu. Hapa, mradi ungelipa.

Kisha mwaka mpya wa fedha ukaingia, na mradi haukuwemo kwenye bajeti.

Afisa mmoja wa bodi inayosimamia kituo hicho, aliyekubali kuzungumza kwa sharti kwamba asitajwe, hakuonekana kuwa mtu mwenye roho mbaya. Alisema kituo kilikuwa kikitumia shilingi milioni kumi na nane kwa mwaka, na kwa miaka minne hakikuwa kimeponya mgonjwa hata mmoja. Kwa fedha hizo, zahanati sita zingekuwa na dawa mwaka mzima.

"Nikisimama mbele ya wananchi nitasema nini? Kwamba nimenunua mashine, na mama amekosa dripu?" aliuliza.

Swali hilo lina uzito, na Wariara halikatai. Amewahi kufika zahanati akakuta hata pamba hakuna. Kinachomkera ni hesabu inayokatwa katikati.

"Mbegu za fahali serikali ilianza kutupunguzia bei nikiwa msichana," anasema, sauti ikipanda. "Ukipandikiza leo, ndama anazaliwa baada ya miezi tisa. Huyo ndama akue, apandwe, azae, ndio uone maziwa. Miaka mitatu karibu! Kuna mtu aliwahi kuja mwaka wa kwanza akauliza, maziwa iko wapi? Walijua kungoja. Wanajua kungojea ng'ombe. Mtoto ndio hawajui kumngojea?"

Dkt. Immaculate Owino, mtafiti wa kituo hicho ambaye amebaki kazini miezi mitano bila mshahara, anasema hesabu ya bodi imeacha upande mmoja wa karatasi ukiwa mtupu. Mtoto kama Waithera hutumia damu, dawa na kitanda cha hospitali ya umma kila mwezi kwa miaka mingi. Mzazi hupoteza siku za kazi. Mtoto hupoteza masomo.

"Siwezi kuahidi kwamba utafiti utamponya kila mtu. Mwingine tutashindwa, na pesa itakuwa imeenda," anasema. "Lakini kutofanya utafiti pia kunalipiwa. Tofauti ni kwamba bili hiyo haiji kwa bodi. Inaenda Subukia."

Kuna jambo jingine linalomsukuma Wariara, na hulisema akitazama chini. Seli za kitovu kimoja ni chache. Zinamtosha mtoto mdogo, na kadiri anavyoongeza uzito ndivyo zinavyopungukiwa na uwezo wa kumsaidia. Waithera ana kilo ishirini na nne.

"Nikimpakulia githeri, mkono unasita," anasema. "Anasema, mami ongeza, nami naongeza, lakini moyoni nahesabu. Mama gani huyo anayeogopa mtoto wake akishiba? Hawa watu wamenifanya mama wa aina gani?"

Kukatwa kwa bajeti kulikata pia gesi, ileile inayogandisha seli kwenye tangi la kituo. Wiki tatu zilizopita, Immaculate aliwapigia simu wazazi ambao damu ya watoto wao imo kwenye tangi, akawaambia ukweli: gesi inaisha na hakuna oda iliyowekwa.

Wariara alikuwa njiani kwenda kwa Milcah. Aligeuza pikipiki. Alipitia kwa wapandikizaji wenzake wawili na kuwaomba walichokuwa nacho, akajaza mtungi mmoja mkubwa, akaufunga nyuma ya kiti na kushika barabara ya Nakuru.

Langoni alikutana na bawabu, Kimaiyo, aliyeona moshi mweupe ukitoka shingoni mwa mtungi.

"Mathe, simama hapo hapo. Hiyo ni nini, bomu?"

"Ni gesi ya ng'ombe."

"Na hapa kuna ng'ombe?"

"Hapa kuna mtoto wangu. Fungua."

Kimaiyo alimtazama, akautazama mtungi, akafungua. "Kukilipuka mimi sikukuona," akamwambia.

Ndani, Immaculate aliinua kifuniko cha tangi. Wariara akatoa kijiti chake mfukoni, akakifuta kwa spiriti na kukiingiza. Alipokipunga hewani, weupe ulikuwa wa kidole kimoja tu. Wanawake hao wawili walishika mtungi, mmoja huku na mmoja kule, wakamimina.

Mbegu za fahali alizokuwa nazo Wariara hazikubaki na gesi ya kutosha. Zote zilikufa jioni hiyo. Alizilipa mwenyewe, na wafugaji watatu, Milcah akiwa mmoja wao, wakakosa huduma.

Usingetarajia shukrani kutoka kwa bodi, lakini ingeweza angalau kunyamaza. Siku mbili baadaye, Immaculate alionywa kwa simu kwamba kituo cha umma hakiruhusiwi kupokea bidhaa ambayo haikupitia zabuni. Gesi ile hutoka kiwanda kilekile kilichokuwa kikiuzia kituo.

Nilimuuliza afisa yule wa bodi kama onyo hilo lilistahili. "Kanuni ni kanuni," akasema.

Kanuni hiyo haikusema lolote wakati tangi lilipokuwa likikauka.

Tangu siku hiyo wazazi kumi na mmoja, kuanzia Mau Narok hadi Kihoto kule Naivasha, wamekuwa wakichangia gesi kwa zamu. Immaculate huipokea licha ya onyo. Wariara ndiye mwenye pikipiki, kwa hivyo ndiye mbebaji. Ijumaa ijayo kutakuwa na kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti ya nyongeza, na ameandikishwa kuzungumza. Amepewa dakika tatu.

"Sitaenda kulia," anasema. "Nitaenda na mtungi na kijiti. Niwaonyeshe weupe uko wapi, halafu niwaulize, nani kati yenu atakuwa wa kwanza kusema kikauke?"

Bomani, kazi imekwisha. Wariara anavua glavu ndefu, ananawa kwenye karai. Ng'ombe amefunguliwa na tayari anatafuna majani ya nepia kana kwamba hakuna kilichotendeka.

Milcah hajaachana na kamba. Ni leo tu ameambiwa gesi yake ilikwenda wapi.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" anauliza. "Nilikutukana kwa simu ukanyamaza tu."

"Ulikuwa na haki ya kutukana, Mama Bethwel. Ng'ombe alikuwa wako."

"Ng'ombe yangu alikosa siku, na siku ikarudi. Ya mtoto ikipita inarudi?" Anatundika kamba kwenye nguzo kwa hasira. "Hiyo Ijumaa nakuja. Hizo dakika zako tatu zikiisha, waniongezee zangu. Mimi sijui seli, lakini kuuliza najua."

Wariara anaingiza kijiti kwenye mtungi na kukitoa. Vidole vitatu. Anaweza kuendelea na kazi. Anafunga mtungi nyuma ya pikipiki na kuvaa kofia ya chuma, na ninamuuliza anatarajia nini, endapo fedha zitarudi na upandikizaji ufanyike.

Hataji shule wala nyumba. Mguu uko tayari kwenye kianzio cha pikipiki.

"Nataka Waithera anenepe," anasema. "Anenepe mpaka sare ya shule imkatae, nami nilalamike kama mama wengine."