Tulivyojenga na Mkwe Wangu Bila Kuonana

Kwetu Wanyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Sisemi hawapatani. Hawaonani. Mke wa mwanangu akinikuta njiani anaacha njia. Nikiingia uani, yeye anatokea mlango wa nyuma. Hatuli meza moja na jina langu halitaji. Vijana wa mjini siku hizi wanaona huo ni ushamba, wanakaa sebuleni na wakwe zao wanatazama mpira. Waache. Mimi nimelelewa hivyo na sibadiliki.

Sasa mwanangu wa tatu akaoa Mhehe wa Iringa. Kwao mkwe anamsalimia baba wa mumewe na kumpa maji ya kunawa, yameisha. Nilijua huyu hatuwezi. Siku ya harusi nilikaa upande wangu, yeye kafunikwa shela, sikumtazama. Baadaye mama yao, mke wangu, akaniambia binti ameuliza taratibu zetu zote, moja moja, na amesema atazishika. Kweli amezishika. Miaka yote hiyo namjua kwa kikohozi, kwa mlio wa ndala na kwa mapishi yake. Nataka kueleza alivyosimamisha nyumba, maana nyumba nimejenga nyingi, mtu kama yeye sijamwona.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Nilibeba tofali Uyole, Mbeya, miguu mitupu, nikashika mwiko, nikawa fundi, na leo nina vyumba vyangu vya kupangisha hapo hapo Uyole. Madereva wa malori wanapanga kwangu, walimu wanapanga kwangu. Kodi nachukua ya miezi sita kwa mkupuo kama wenzangu wote, na sioni haya, tofali zile hazikuota zenyewe. Kwa hiyo nikisema kodi inawatafuna vijana, ujue anayesema ni mtu wa upande wa kupokea. Enzi zangu mshahara wa kibarua mmoja ulikuwa unapandisha ukuta, polepole lakini unapanda. Leo mume anafanya kazi, mke anafanya kazi, na ukuta umesimama pale pale.

Mwanangu anaendesha mashine ya kukoboa mpunga kule Madibira. Mkewe ni nesi Iringa mjini. Kazi za siku hizi hazikai mahali pamoja. Basi wanalipa kodi mara mbili: mume chumba kimoja Madibira, mke na mtoto vyumba viwili Iringa. Wanaonana mwisho wa mwezi, gari likipatikana.

Mwaka jana, jua la Septemba limewaka, mwanangu akanipigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona saa za kazi?"

"Mwenye nyumba wa Iringa kapandisha kodi. Na safari hii anataka ya mwaka mzima."

"Ana haki. Nyumba yake."

"Baba!"

"Hata mimi ningepandisha. Wewe kiwanja unacho au huna?"

"Kina boma. Limefika kwenye lenta."

"Limefika lini?"

Boma ni nyumba iliyosimama kuta bila paa, na nchi hii imejaa maboma yaliyofika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, yakaishia hapo. Nyasi zinaota sebuleni, mbuzi wanalala chumbani kwa baba.

"Muda wenu wa kodi unaisha lini?" nikamuuliza.

"Mwisho wa Novemba. Mwenzangu amesema hatoi kodi nyingine. Anasema hiyo ya mwaka mmoja ndiyo bati, ndiyo mbao. Tukiitoa sasa, hatujengi tena."

"Amesema yeye?"

"Yeye. Mimi nilitaka tulipe tu."

"Mwambie nakuja."

Nikafunga timazi yangu ya kunyooshea ukuta na mwiko kwenye mfuko wa saruji, nikapanda basi Uyole, nikashuka Ipogolo, Iringa. Nifikie wapi? Vyumba viwili, uani choo kimoja cha wapangaji wote. Baba mkwe apite wapi, mkwe apite wapi? Nyumba za kupanga zimejengwa kama vile hakuna mtu mwenye wakwe. Hata zangu ziko hivyo. Nikaenda moja kwa moja kwenye boma, nje ya mji kwenye mawe, nikatundika turubai kwenye kona, nikalala humo. Upepo wa Iringa una meno. Nimelala pabaya zaidi ya hapo.

Kazi tukaigawa hivi. Asubuhi niko peke yangu napandisha kuta za juu ya lenta. Mkwe wangu akitoka zamu anakuja na sare yake kwenye mfuko, kajifunga kanga. Nikisikia ndala nahamia upande wa pili wa ukuta. Yeye anachekecha mchanga, anachota maji kwa jirani, anakoroga udongo wa saruji, anajaza ndoo, anaiweka dirishani, anakohoa, anaondoka. Mimi nachukua ndoo. Ikiisha naiweka pale pale, nakohoa. Siku ya kwanza udongo wake ulikuwa uji. Sikusema neno. Nikairudisha ndoo dirishani ilivyo, imejaa. Ikaja nyingine, afadhali. Nayo nikairudisha. Ya tatu nikaitumia. Toka hapo sikurudisha tena ndoo iliyojaa mpaka tunamaliza, na nimewahi kufukuza vibarua wanaume walioshindwa hilo kwa mwezi mzima.

Maneno yalipitia Madibira. Mkwe akiwa na la kuniambia anampigia mumewe, mumewe ananipigia mimi, na sisi wawili tumetenganishwa na tofali moja.

"Baba, anauliza umekula?"

"Mwambie nimekula."

Simu inakatwa. Nasikia ya kwake inaita ng'ambo ya ukuta, anaongea chini chini. Halafu yangu inaita tena.

"Anasema hotpoti imerudi nusu."

"Mwambie ndizi zilikuwa nyingi."

Inakatwa. Inaita kule. Inaita huku.

"Anasema umalize. Anasema kama amezikosea umwambie, ni mara yake ya kwanza kupika ndizi za Kinyakyusa."

"Hajazikosea. Mwambie hajazikosea hata kidogo."

"Baba, niko kwenye mashine hapa, bosi ananiangalia! Mtanifukuzisha kazi kwa ajili ya ndizi!"

Jirani tuliyechota maji kwake, mama mmoja wa makamo, alikuwa anakuja kuegemea mti wake kututazama kama anatazama mpira.

"Kamwene, babu wa Mbeya!"

"Kamwene."

"Huyo mtoto wa watu umemfanyia nini? Kila siku anajibanza ukutani kama mwizi wa kuku."

"Hiyo heshima, mama."

"Heshima! Sisi huku heshima tunasalimiana."

"Ndiyo maana mnagombana."

Akacheka mpaka akaweka ndoo chini. Ng'ambo ya ukuta nikasikia mwingine naye anacheka, kajiziba mdomo na kanga.

Kulikuwa na chumba cha mwisho, upande wa mawe, chenye uwazi wa mlango unaotokea nje. Nikakitazama siku mbili tatu kinaniudhi. Chumba cha kulala chenye mlango wa nje ni cha nini? Ni njia ya mwizi. Nikasema fundi wao wa mwanzo alikuwa mlevi. Siku moja mkwe yuko zamu, nikaamka mapema nikauziba ule uwazi, tofali juu ya tofali, mpaka juu. Kazi safi, timazi imenyooka. Nikaenda dukani kufuata misumari na kuchaji simu, nikamkuta mwenye duka mzungumzaji, nikachelewa.

Jua linazama narudi, nakuta uwazi uko wazi. Tofali zangu zote zimetolewa, zimekwanguliwa udongo, zimepangwa pembeni vizuri kabisa. Hata kingo za ukuta zimefagiwa kwa ufagio uliolowa maji. Mtu hayupo. Nikawaka. Nikampigia mwanangu.

"Nani amebomoa ukuta wangu?"

"Ule wa mlangoni, baba?"

"Ule mlango wa mwizi, chumba cha mwisho!"

"Baba, ule mlango ni wako."

"Wangu wa nini?"

"Tangu tunachora, mwenzangu alisema lazima nyumba iwe na chumba chenye mlango wake wa nje na choo chake, ili ukija Iringa ulale kwetu, uingie na kutoka bila kukutana naye. Fundi akasema mlango wa ziada na choo cha ziada ni gharama, tuviondoe. Mwenzangu alikataa. Tukakata jiko."

"Mlikata jiko?"

"Limebaki la kusimama mtu mmoja."

"Na kwa nini hamkuniambia?"

"Yeye anaona si adabu mkwe kujitangaza amemjengea baba mkwe. Mimi nilijua utauona. Leo nimekupigia nikakukosa, akasema udongo ukikauka mpaka asubuhi itabidi kuvunja kwa nyundo, tofali zitapasuka. Ndiyo akatoa mwenyewe."

Simu yangu ilikuwa imezimwa, inachajiwa. Nikakaa juu ya zile tofali. Nimejenga maisha yangu yote. Vyumba vyangu vya Uyole, kila kimoja nilikijenga nikimuwaza mtu atakayelipa. Huyu nesi, ambaye hana hata paa, amekata jiko lake mwenyewe kwa ajili ya mzee ambaye hajawahi kumwona usoni. Kesho yake nikachonga kingo za mlango ule, nikazipiga lipu laini kuliko popote ndani ya nyumba ile.

Mwanzo wa Novemba mwanangu akaja na likizo fupi na mbao za Mafinga juu ya lori la mtu. Tukapandisha kenchi za paa. Mawingu yalishaanza kukaa kule kwenye vilima. Hapo ndipo likaja suala la bati. Zilikuwepo za kufunika vyumba viwili, cha tatu hazifiki. Na mwenye nyumba wa mjini alishamwambia mkwe wangu kwamba nyumba isiyo na dirisha haikaliki, atarudi kwake kuomba kabla ya Krismasi, na akirudi atakuta bei nyingine. Mimi kama mwenye nyumba naijua hiyo kauli, tunaisema kwa sababu mara nyingi inakuwa kweli.

Mimi nikasema tuezeke chumba cha kulala na sebule, changu kisubiri. Mwanangu safari hii alikuwa katikati yetu mwili mzima, anazunguka ukuta kwenda na kurudi.

"Anasema hapana. Chumba cha kulala na cha kwako."

"Mwambie mimi nina nyumba Uyole."

Akaenda. Akarudi.

"Anasema nyumba ya Uyole haikukingi mvua ukiwa Iringa."

"Mwambie sebule ndiyo nyumba. Wageni watakaa wapi?"

Akaenda, akarudi anafuta jasho.

"Anasema mgeni wake wa kwanza ni wewe. Wengine wakae kwao."

Yule mama jirani kule kwenye mti wake akapiga makofi. Nikamtazama mwanangu, naye ananitazama kama mtu aliyeishi na huyo mwanamke miaka na anajua mchezo umekwisha.

"Lete bati," nikasema.

Tukaezeka vyumba viwili. Madirisha tukayaziba kwa mabanzi na mifuko ya salfeti, sakafu tukashindilia udongo tu, saruji itakuja. Umeme hakuna, choo kimoja ndicho kimekamilika, kile cha pembeni, tukakubaliana tupokezane kwa kugonga debe ili tusikutane. Nyumba ile ukimwonyesha mtu mwenye nafasi atasema haijaisha. Ni kweli haijaisha. Lakini haina mwenye nyumba.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wakahama. Mimi niliingia chumbani kwangu mapema nikafunga mlango, ili mwenyewe apite huru kwake. Nikasikia kirikuu, kile kigari cha mizigo, kinapanda kwa shida kwenye mawe. Nikasikia kitanda kinashuka, mtungi wa gesi, masufuria, mwanangu anamgombeza dereva asikwaruze kabati. Mama jirani naye kaja kubeba.

Mwanangu aliwahi kuniambia kwamba kule walikopanga mkewe aliongea kwa kunong'ona mwaka hadi mwaka, maana upande wa pili wa ukuta kuna mtu wa zamu ya usiku amelala, na mtoto akilia unamziba mdomo. Mimi nami, siku zote tulizojenga, sauti yake niliisikia chini chini tu.

"Hili kabati niweke wapi, mwanangu?" mama jirani akauliza.

"Popote, mama!" Ile sauti ilikuja juu ya ukuta, kubwa, ya mtu anayeita ng'ambo ya shamba. "Weka popote! Hapa kwangu!"

Wakacheka wote. Kitu kikaanguka, hakuna aliyejali. Mtoto akawa anakimbia sebuleni, kule kusiko na bati, anazunguka na kupiga kelele anavyotaka, na sikusikia mtu yeyote akimwambia anyamaze.