Jiwe la Kusagia la Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja nilipomwacha mama mkwe wangu mtoni, mjukuu wangu. Ulikuwa wakati wa Mjerumani. Tulitoka Handeni kwenda Korogwe kumpelekea wifi yangu jiwe la kusagia ambalo mama mkwe alirithi kwa mama yake. Tukavuka mto Pangani kwa mtumbwi wa kuazima, pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, nimeshika mimi.

Mama mkwe akaniambia, "Tukifika, shika matete kwanza ndipo ushuke."

Nilikuwa na miguu ya swala, lakini masikio yalikuwa pambo tu. Zilipobaki hatua mbili kufika ukingoni niliruka, pondo mkononi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu halikuvunjika, nikajiona mjanja.

Kugeuka, mtumbwi unarudi mtoni naye ndani peke yake. Teke la miguu yangu ndilo lililousukuma. Nikanyoosha pondo, halikufika. Mbele kidogo mkondo ulikuwa unakimbia, na mamba wa pale tuliwajua. Mume wangu nitamwambia nini?

Mama mkwe aliinua lile jiwe, akanipa mgongo, akalirusha kwa nguvu zake zote kuelekea katikati ya mto. Mtumbwi ukasita, kisha ukaanza kuja kwangu polepole, polepole mno, mpaka nikaunasa kwa pondo.

Alikaa ukingoni akihema. "Jiwe limekwenda kule, mimi nimekuja huku. Ningetupa kikapu chetu, kilivyo chepesi, ningechukuliwa na maji. Na wewe ulivyoruka ulinitupa vivyo hivyo."

Nikalia. Akasema, "Usilie. Ila wifi yako utamweleza mwenyewe jiwe liko wapi."

Unaniambia mwalimu wenu kafundisha kuwa bunduki ikitema risasi mbele, yenyewe hurudi nyuma, na iliyo nyepesi hurudi kwa kasi zaidi. Ni kweli, mjukuu wangu, mimi niliyaona hayo mtoni.

Basi sikia. Kesho unakwenda shule ya mbali, na mama yako anabaki na kifua chake kibovu. Hakuna arukaye bila kusukuma, na aliye dhaifu ndiye apelekwaye mbali. Usiondoke kwa kishindo. Kaa naye leo, mchotee maji, mwambie utarudi lini, halafu nenda. Mungu akufungulie njia, na huyu unayemwacha amlinde mpaka urudi.