Tangi Lililokauka Ijumaa

Tangu mashine ya kuosha vyombo iingie jikoni, maji ya tangi yaliyokuwa yakitosha hadi Jumapili yalianza kwisha Ijumaa. Mama mwenye nyumba, fundi cherehani, alikosa raha. Mjukuu mchanga alikuwa ndani, na nepi hazisubiri mgawo wa maji.

"Hilo dude lako linakunywa kama ng'ombe," alimwambia mkwewe. "Lirudi lilikotoka."

Mkwewe, muuguzi, alitega ndoo kwenye mpira unaotoa maji machafu ya mashine, akaweka nyingine ndani ya sinki. "Mama, leo fanya kama siku zote. Tuone nani ana kiu."

Mama akafungua bomba, akasugua sahani moja moja kwa sabuni, akazisuuza mpaka zikang'aa, ndipo akazipanga kwenye mashine. Ndoo ya sinki ilijaa mara tatu. Mashine ilipomaliza, ndoo yake ilikuwa nusu tu.

"Kumbe unaziosha kabla hazijaoshwa?"

"Sasa niingize uchafu kwenye kitu kipya? Si aibu hiyo?"

"Aibu ya nani, mama? Kwangua makombo tu, ngoja ijae, washa."

Jioni mama alikwangua makombo kwa kijiko, akawasha, akakaa kwenye kigoda. Mara mbili aliinuka kuliendea bomba, mara mbili akarudi. Sahani ya kwanza ilipotoka, aliigeuza, akainusa, akaitazama dirishani, kisha akaiweka kabatini.

"Basi nepi za Jumamosi," alisema, "tutafua."