Msuli wa Mskoti

Miaka ile ya mashamba makubwa ya karanga Nachingwea, nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja, na nilijiona hodari kuliko mafundi wote wa kutoka Ruangwa mpaka Lindi. Mdomo wangu ulikwenda mbio kuliko cherehani. Ndiyo maana Mskoti mmoja, msimamizi wa karakana ya matrekta, aliponijia na kitambaa kizito cha sufu, cha mirabaraba ya kijani na buluu, nilimjibu "Naweza" kabla hajamaliza kueleza.

Vazi lake la kwao lilikuwa limeliwa na mchwa. Mama yake alimtumia kitambaa kingine kwa meli, hicho kimoja tu, na Jumamosi Waskoti walikuwa na sherehe yao. Ili nijue la kushona, aliniachia picha ya rangi ndani ya fremu: askari wa Kiskoti wa zamani wakipanda kilima katikati ya moshi wa bunduki, soksi hadi magotini, mikoba ya manyoya mbele ya kiuno, na chini yake sketi. Niliitundika juu ya cherehani. Wanawake waliotoka sokoni waliacha njia yao kuja kuwacheka wale mashujaa.

"Ukikiharibu hicho kitambaa," mwenye duka akaniambia, "utafute baraza jingine."

Niliona sketi, nikashona sketi: marinda pande zote, mshono umefungwa, kama za wasichana wa Mnero waendapo kanisani. Namshukuru Mungu sikutia mkasi popote. Alhamisi Mskoti alikuja kuijaribu. Alipotoka nyuma ya pazia amefura kama bibi harusi, fundi mwenzangu wa cherehani ya pili alicheka mpaka akamwaga pini. Mskoti hakucheka. Aliinua mguu apande lori lake, mguu ukanaswa na marinda. Niliona aibu, kisha nikakasirika, hasa kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Kesho yake nilishinda nimeikodolea macho ile picha. Chini kabisa, pembeni, alikuwapo askari mmoja aliyepiga goti. Kitambaa kilikuwa kimemfunguka pajani: upande mmoja umelalia mwingine, mbele pametulia bila rinda hata moja, marinda yote yako nyuma. Nikatazama magoti yangu mwenyewe. Nilikuwa nimevaa msuli, na ulikuwa umefunguka vilevile! Najifunga vazi hili tangu utotoni, halafu naonyeshwa msuli nashona sketi!

Nikafumua kila uzi, nikaanza upya.

Jumamosi asubuhi Mskoti alitembea mbele ya duka, marinda yakimchezea nyuma, akapanda lori kwa hatua moja. Baraza zima likalipuka kwa vigelegele. Mwenye duka akapiga makofi, akatangaza kwamba nafasi ile ni yangu mpaka nitakapochoka mwenyewe. Yule mwenzangu aliyemwaga pini akaniomba nimwonyeshe namna ya kuyapanga marinda. Nilivimba kichwa, siwafichi.

"Nani amekufundisha?" Mskoti akauliza.

Nikamwonyesha yule aliyepiga goti.

"Huyo amepigwa risasi," akasema taratibu. "Anakufa."

Nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Ijumaa nzima nilikuwa nimemwangalia magoti tu. Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea. Nikasogea karibu na fremu, nikamwambia kwa sauti, mbele ya wote, "Ahsante, fundi."