Chai ya Kitandani

Juzi, ndani ya basi la Singida kwenda Kiomboi, mjane mmoja muuza asali alikuwa akirudi kutoka Mwanza. Kwetu mtu hasafiri mbali ila kwa msiba au ugonjwa, kwa hiyo wifi yake, aliyeketi naye, alimshika mkono kwa huzuni.

“Pole, wifi. Umemzika nani huko?”

“Sikuzika mtu. Nimepanda meli ndogo, ile anayopanda Mkuu wa Wilaya akienda likizo. Nikazunguka ziwa, nikarudi.”

“Na nani?”

“Peke yangu. Chumba changu, shuka nyeupe, na asubuhi chai naletewa kitandani.”

Wifi akauachia mkono kama umemchoma. “Kaka yangu yuko kaburini, wewe unaletewa chai kitandani! Wazee wakisikia, shamba lake utalisahau.”

“Miaka yote nilimpelekea yeye, wifi. Hukuwaita wazee.”

Nilikuwa kiti cha nyuma yao. Mimi mwenye shahada, ninayewahubiria wasomaji wa gazeti kila wiki juu ya haki za wanawake, nilipaswa kumtetea. Nikafungua mdomo, wivu ukanitangulia:

“Samahani, mama, chai hiyo ilikuwa na maziwa?”

Wifi naye akageuza shingo asikie jibu.