Pikipiki Ndani ya Esaiga

Mvua ya mawe ilipiga Gesima alasiri moja tu, na ilipokatika michai yote ya mteremko wetu ilikuwa imebaki vijiti. Anayeishi kwa chai anajua maana yake. Hakuna majani ya kuchuma, hakuna magunia ya kupandisha hadi kituo cha kununulia, na sisi wa bodaboda tunaotegemea magunia hayo tunabaki stejini tukicheza drafti kwa vifuniko vya soda.

Mimi sikukaa stejini. Pikipiki yangu ilikuwa ikitoa moshi wa buluu na kuzimika kila nilipofika katikati ya mlima, nikaona huu ndio wakati wa kuifungua. Nikaisukuma kutoka barabarani, nikapita nayo mbele ya jiko la mama, nikaiingiza moja kwa moja ndani ya esaiga yangu.

Esaiga ni nyumba ndogo anayopewa kijana akishatahiriwa. Tangu siku hiyo baba yake hakanyagi ndani, hata mvua imnyeshee mlangoni. Ni katika yale mambo tunayoyaita chinsoni, haya na heshima kati ya mzazi na mwanawe: baba haingii kwa mwana, mwana haingii chumbani kwa baba, na wawili hao hawashikanishikani ovyo. Sikuyatunga mimi na sijawahi kuyapinga. Lakini siku ile yalinifaa. Baba alikuwa ameapa kwamba pikipiki haitalala katika boma lake, nami nikailaza mahali pekee ambapo hangeweza kuifuata.

Alikuja kabla ya chakula cha jioni. Nilisikia fimbo yake kwanza, kwa sababu tangu aanguke kwenye mtaro wa shamba, goti lake la kulia halikunjiki vizuri.

"Mura," aliita kutoka nje, kama wazee wetu wanavyomwita kijana. "Hicho kitu kimo humo?"

"Kimo, baba."

"Kinakunywa uji?"

"Kinakunywa petroli. Na leo hakina kiu."

Fimbo iligonga ukuta. "Basi sikiliza. Majani yakirudi kwenye michai, kiwe kimetoka katika boma langu. Kiuze, kitupe, mpe mtu. Na ukiona huwezi kuachana nacho, fuataneni."

Alikuwa na sababu zake. Niliacha shule kidato cha pili, na tangu hapo sijakaa mahali. Nilichonga mawe Tabaka, nikauza ndizi Nyakoe, nikashuka ziwani kwa sababu tu nilitaka kuona samaki wanavyokaushwa, nikarudi, nikaondoka tena. Nilipopata pikipiki nikawa naondoka kwa haraka zaidi. Machoni pa baba, chuma kile ndicho kilichokuwa kikimnyang'anya mtoto. Na kweli, kila tulipogombana nilikuwa nawasha na kwenda zangu, yeye akabaki akiongea na vumbi.

Safari hii nilikaa kitandani, mikono imejaa grisi, nikasikiliza fimbo ikirudi nyumba kubwa. Siendi, nilijiambia. Na hii pikipiki haiendi.

Sina kitabu cha pikipiki. Njia yangu ya kufungua injini ni ya hapa hapa kwetu: nakata majani mapana ya mgomba, nayatandaza sakafuni, na kila kinachotoka nakilaza juu yake kwa mpangilio kilivyotoka, kuanzia mlangoni hadi kitandani. Ukitaka kuirudisha, unaanzia kitandani unarudi mlangoni. Ijumaa mchana sakafu yangu yote ilikuwa ya kijani, na juu yake boliti, springi, valvu, pistoni na ringi zilizolika hadi zikawa nyembamba kama kucha. Nilifurahi kama mtu aliyepanga meza ya harusi.

"Jua linazama!" mama aliita kutoka jikoni. "Nawa mikono!"

Sisi ni Wasabato. Jua la Ijumaa likishazama, hata msumari haugongwi hadi la Jumamosi nalo lizame. Kwa hiyo nilifunga mlango, nikalala kwa binamu yangu ng'ambo ya mto nisije nikaikanyaga kazi yangu, na siku ya pili nikakaa kanisani nikifikiria pistoni.

Jumapili asubuhi nilifungua mlango nikasimama tu. Jua lilikuwa limechoma mabati tangu siku iliyotangulia, na majani yangu yalikuwa yamenyauka na kujikunja kama sigara. Kila kilichokuwa juu yake kilikuwa kimeviringika na kurundikana katikati, boliti za juu pamoja na za chini, kama mahindi yanayosubiri kupukuchuliwa. Nilisema neno ambalo halisemwi Sabato, wala Jumapili.

"Mura, umemtukana nani?" Baba alikuwa akipita.

"Hakuna, baba."

"Mtu hamtukani hakuna."

Nikamwambia. Nikasikia kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aumie goti. "Mtoto aliyezaliwa chini ya mgomba! Hajui jani hukauka! Mama yake, njoo usikie!"

Kicheko kile kiliniuma na kunipa nguvu. Nilikusanya lundo lote kwenye beseni, nikaanza kuijaribu kila boliti katika kila tundu. Hii ndefu mno. Hii inaingia lakini inacheza. Hii imekaa. Nilifanya hivyo kutwa, na kesho yake, na nilipomaliza nilikuwa naijua injini ile kwa vidole, hata nikifumba macho. Nikatia ringi mpya na valvu nilizozisaga mwenyewe, nikaiwasha mle mle ndani. Moshi ulitoka mweupe, ukapungua, ukaisha. Kuku wa mama walikimbilia kwa jirani.

Wenzangu wa stejini walikuja kuona, wakaanza kutoa ushauri.

"Tia taa za rangi, buda. Na spika mbili hapa mbele."

"Nyuma weka sproketi ndogo, ipepee. Ukitoka hapa, Keroka unafika kabla hujakohoa!"

Mimi nilikuwa nimeshanunua sproketi kubwa, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni. Ukiweka kubwa nyuma unapoteza mwendo, lakini unapata nguvu ya kupanda mlima na mzigo bila abiria kushuka kusukuma.

"Hii itakuwa kobe!" walipiga kelele.

"Itakuwa kobe inayofika," niliwaambia. "Nyinyi pepeeni."

Nilidhani imebaki rangi tu. Kisha mama akaniletea uji, akasimama kwenye kizingiti akiikagua pikipiki, akaelekeza kidevu kwenye kiti.

"Baba yako akikaa hapo, atashika wapi?"

"Atanishika mimi. Kama abiria wote."

Mama alinitazama kama mtu aliyeambiwa amwage maziwa. "Akushike wewe kiuno?" Akachukua kikombe kabla sijamaliza, akaenda.

Nilibaki hapo nikikumbuka. Baba hupanda pikipiki za watoto wa wengine bila shida, akashika koti la dereva na kumfokea apunguze mwendo. Ila mimi nikisimama kando yake barabarani, husema ananyoosha goti. Siku moja nilimfuata kwa gia ya kwanza kutoka kituo cha majani hadi nyumbani, kiti kitupu, mvua inatunyeshea sote wawili, naye ananipungia fimbo nipite. Nilikuwa nimeiita dharau. Na siku zote hizo nilikuwa nampa kiti ambacho mtu kama yeye hawezi kukikalia.

Nilianza upya. Nilitaka kiti cha abiria kisogee nyuma, na katikati yangu na yeye pawe na kitu. Lakini ukimweka mtu mzima nyuma ya gurudumu, mlimani pikipiki inainua pua. Kwa hiyo ilibidi gurudumu lenyewe lirudi nyuma. Nilifungua ule mkono wa chuma unaolishika, nikaupeleka Nyaramba kwa fundi wa kuchomelea, akaukata na kuurefusha. Aliniuliza kama nabeba jeneza. Nikamwambia nabeba mzee, na kwamba asithubutu kucheka kabla chuma hakijapoa. Nikarefusha cheni, nikatia springi ngumu. Kati ya kiti changu na cha nyuma fundi alisimamisha kishikio cha bomba la maji, kipana, kimeinuka hadi kifuani, nami nikakizungushia mpira wa tairi ya baiskeli usimchome mtu mikono wakati wa baridi.

Stejini walisema pikipiki imepata mimba. Niliwaacha waseme.

Michai ilichipua. Asubuhi ya uchumaji wa kwanza fimbo ilikuja mlangoni.

"Mura, majani yamerudi."

"Nimeyaona."

"Tulisemaje?"

Niliisukuma nje, nikaisimamisha mbele yake kwenye mwangaza. "Ndani ya esaiga imetoka," nilisema. "Bomani haitoki. Wala mimi sitoki. Ukitaka tuondoke, tusukume kwa mikono yako."

Sikuwahi kusema naye hivyo. Mama aliacha kufagia. Baba aliizunguka pikipiki, akagonga mkono uliorefushwa kwa fimbo, akagonga springi, akafika kwenye lile bomba.

"Hiki cha nini?"

"Cha kushika."

"Ashike nani?"

"Yeyote asiyetaka kunishika."

Aliliangalia kwa muda mrefu. Kisha akamwita mama alete gunia la majani yaliyochumwa alfajiri. Tulilifunga kwenye keria, chuma cha kubebea mzigo kando ya gurudumu, na baba, kwa shida, akavusha goti lake bovu upande wa pili, akakaa, akashika bomba kwa mikono miwili. Kati ya mgongo wangu na kifua chake pangeweza kupita upepo. Tulipanda mlima taratibu, hakushuka mtu, na pikipiki haikuinua pua.

Kituoni mzee mmoja alimpigia kelele: "Leo umebebwa na mwanao!"

"Nimebebwa na chuma," baba alisema. "Huyu anaongoza tu."

Jioni, nikiwa ndani ya esaiga nanawa, pikipiki kando yangu, nilisikia fimbo.

"Mura. Breki ya nyuma inalia."

"Hailii, baba."

"Inalia. Mimi ndiye niliyekaa juu yake."

"Basi ingia uitazame mwenyewe."

Alijua, nami nilijua, kwamba kizingiti kile hakivuki. Alisimama pale pale nje akisubiri, hadi nikachukua spana, nikamsukumia pikipiki mlangoni.